Jinsi Meneja Alivyoingia Katika Kitabu cha Ajali

Vijana mnaofanya kazi katika ofisi za utumishi, nawaandikia kwa sababu mjukuu wangu Candiru, ambaye ni mmoja wenu, alinipa kazi isiyo na mshahara. Kampuni yake imetunga kanuni za kuzuia unyanyasaji wa kijinsia kazini, zikatafsiriwa kwa Kiswahili kwa ajili ya madereva Wakenya na Wakongo wa ghalani, naye akaniletea kijitabu nikikague. "Babu, wewe ulikuwa karani wa wafanyakazi miaka mingi," aliniambia. "Tazama kama kinaeleweka."

Kinaeleweka mno, na hilo ndilo lililonichanganya. Kuna ukurasa unaosema vitendo gani haviruhusiwi, ukurasa unaosema mlalamikaji aende kwa nani, na ukurasa unaosema aende kwa nani endapo huyo wa kwanza ndiye mkosaji. Candiru anasema hata sheria ya nchi inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya ishirini na watano awe na mpango wa namna hiyo. Nilikisoma wiki nzima nikiwa nimevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine, na kila nikifika mwisho narudi mwanzo. Nilikuwa natafuta mahali ambapo mtu kama mimi angekosea. Maana jambo hilohilo liliwahi kuletwa kaunta kwangu zamani za utawala wa wanajeshi, nikaliandika katika daftari lisilo lake, na mpaka leo sijui kama nilikosea au nilipatia.

Kiwanda chetu kilitengeneza sufuria na sahani za bati, hapa Kampala, kando ya barabara ya kwenda bandari ya Port Bell. Mabati yalivuka ziwa ndani ya mabehewa yaliyopakiwa juu ya feri, na feri ikichelewa tulikaa tu tukitazamana. Mashine zetu zilikuwa za kukandamiza. Bati linawekwa, chuma kinashuka, linatoka sahani. Mkono ukichelewa kutoka, nao unatoka sahani. Kwa hiyo tulikuwa na kitabu cha ajali, kikubwa, chenye jalada gumu la kijani, na mimi ndiye niliyekitunza.

Aliyenifundisha kukitunza ni Bwana Pinto, Mgoa mfupi aliyevaa koti hata jua likiwaka. Yeye alikuwa karani mkuu tangu kiwanda kifunguliwe. Aliniambia siku ya kwanza, "Karani hana maoni. Ana safu." Maana yake ni kwamba kila jambo duniani lina daftari lake na safu yake, na kazi yako ni kulipeleka nyumbani kwake. Mwaka wangu wa kwanza niliandika harusi ya fundi mmoja katika daftari la uhamisho, kwa kuwa bibi harusi alihamia kwake. Pinto hakunigombeza. Alilifuta jambo lile kwa msitari mmoja, akasaini, akaenda kunywa chai akiwa amejishika kichwa.

Jambo lingine alilonifundisha ni hili. Madaftari mengine yote ni ya meneja, anaweza kuyachoma akitaka, lakini kitabu cha ajali ni cha serikali. Mtu akiumia akakosa kazi zaidi ya siku tatu, unajaza fomu kwa karatasi ya kaboni, nakala tatu. Moja inabaki kitabuni. Ya pili inakwenda kwa wakaguzi wa viwanda huko Nakasero, mtaa wa ofisi za serikali. Ya tatu hata Pinto hakujua ni ya nani, lakini tuliijaza.

Wahindi na Wagoa walipoamriwa kuondoka nchini, Pinto alinikabidhi funguo akaenda zake. Wenye kiwanda nao waliondoka, na wiki chache baadaye alikuja luteni mmoja wa jeshi na barua ya kusema kiwanda ni chake. Sisi tulimwita Afande. Alitukusanya uani, akatutazama kama mtu aliyenunua ng'ombe bila kuwaona, akauliza, "Nani hapa najua Swahili sawasawa?"

Nilinyoosha mkono. Baba yangu alikuwa konstebo, mtu wa upande wa Arua, na mimi nilikulia katika kambi ya polisi hapa Kampala, ambako Kiswahili tulikinywa pamoja na uji. Afande akasema, "Wewe nakuwa karani mkubwa." Ikawa hivyo.

Sasa nisikilizeni. Palikuwa na mwanamke anaitwa Nalule, mpiga taipu. Alikuwa kiwandani kabla yangu. Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko changu, majalada yote aliyajua kwa kichwa, na ni yeye aliyenionyesha tofauti ya jalada la likizo na jalada la utoro. Kwa haki, kiti cha Pinto kilikuwa chake. Hakuna aliyemuuliza. Kiswahili alikizungumza kama Waganda wengi wa mjini wakizungumzavyo, cha kuokotaokota, r na l zikibadilishana, na tena alikuwa mwanamke. Nilidhani nimeangukiwa na bahati. Candiru ananiambia hilo nalo lina jina na lina ukurasa wake, ubaguzi katika kupandisha cheo. Nilimjibu kwamba wakati ule sisi tuliuita cheo.

Serikali wakati huo ilikuwa na kanuni moja tu juu ya wanawake, na kanuni yenyewe ilihusu sketi. Sketi fupi zilipigwa marufuku redioni, kisha wigi, kisha suruali. Afande akaniamuru nipime sketi za wafanyakazi wote wa kike asubuhi langoni. Nami nikaenda na rula ya mbao. Shida ya kwanza iliyonikuta ni kwamba amri ilitaja inchi kutoka gotini, lakini haikusema goti linaanzia wapi. Nilichuchumaa pale langoni nikitafuta mwanzo wa magoti ya watu, wanaume wakicheka nyuma yangu, nami nikijiona mtumishi mwaminifu. Nalule alipofika, sketi yake ilikuwa imeshuka chini hata haikuhitaji rula. Alisimama mbele yangu hata hivyo.

"Pima, kalani," alisema.

"Yako ni ndefu, nyabo," nilisema, yaani mama kwa Kiganda. "Pita."

"Hapana, pima. Halafu uniambie, macho yako nani anayapima?"

Watu walicheka na mimi nikacheka nao. Nilicheka kwa sababu sikuelewa. Siku hizi naelewa, na nikikumbuka ile rula naona haya usoni, mzee mzima na mvi zangu.

Lakini si hilo peke yake. Baada ya miezi kadhaa nilianza kusikia wasichana wa ofisini wakisema "barua ndefu". Mmoja anamwambia mwenzake, "Leo nimeitwa kwa barua ndefu." Afande alikuwa anawaita ofisini kwake mmoja mmoja kuandika anayotamka, mlango ukafungwa kwa komeo, na mtu anatoka baada ya nusu saa hasemi na mtu. Mimi karani mkuu, mwanafunzi wa Pinto, niliona kosa moja tu katika habari hiyo. Barua ndefu zote hizo zilikuwa hazina nakala katika majalada. Nilitafuta katika rafu zote. Basi nikawaandikia onyo wasichana wawili kwa kutoleta nakala za barua. Mmoja aliipokea karatasi, akaikunja ndogo sana, akaacha kazi wiki ileile. Niliandika katika jalada lake, "Ameondoka bila sababu."

Msiniulize nilikuwa na akili gani. Nilikuwa na safu.

Siku ya Nalule ilikuwa asubuhi, saa ya chai. Alikuja kaunta akiwa na pini mbili zilizoshika mkono wa blauzi uliochanika begani, na kifundo cha mkono amekifunga kitambaa chake cha kichwa. Alikuwa anapumua kama mtu aliyepanda kilima.

"Kalani, nataka kuandikisha habali yangu," alisema.

"Habari gani, nyabo?"

"Afande alifunga komeo. Akanivuta mukono, akauzungusha. Mimi nikasukuma taipuleta ikamuanguka kwa mguu, ndiyo nikatoka."

Hapo nilielewa kwa nini Afande asubuhi hiyo alikuwa anachechemea uani akisema ni jeraha la vita. Lakini zaidi ya hapo sikuelewa kitu. Nililivuta daftari la malalamiko, nikalifungua, nikamwonyesha. "Nyabo, humu mna mshahara, likizo, nyumba na chakula. Hii yako niiweke wapi? Haina safu."

Alilitazama daftari, akanitazama mimi. "Okello alipokatwa kidole, uliandika wapi?"

"Kitabu cha ajali."

"Kidole ni mwili. Mukono si mwili?"

"Ni mwili."

"Iko tofauti gani?"

Nilitafuta tofauti. Nawaambieni kweli, nilisimama pale nikaitafuta kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Tofauti niliyoiona ilikuwa hofu yangu tu, na hofu haikuwa na safu. Nikakifungua kile kitabu cha kijani nikaweka kaboni.

Jina la mfanyakazi, nikajaza. Sehemu ya mwili iliyoumia, kifundo cha mkono wa kulia na bega. Kisha likaja swali la mashine iliyosababisha ajali. Kalamu ilisimama. Nikaandika: Meneja. Je, mashine ilikuwa na kinga? Hapana. Je, ilikuwa inafanya kazi wakati wa ajali? Ndiyo. Je, mashine hii imewahi kuumiza mtu mwingine? Nikaanza kuandika hapana.

Akanishika kalamu. "Andika ndiyo."

"Nani?"

Akanitajia wasichana watatu. Wawili kati yao ndio niliowapa onyo kwa kukosa nakala. Hapo barua ndefu zote zilinifungukia kwa mkupuo mmoja. Nalule alisubiri hadi nilipoandika majina yote matatu, akaenda hospitali.

Mkono ulikuwa umeteguka, akapewa mapumziko ya siku nne. Siku nne ni zaidi ya tatu. Mimi bila kufikiri, kwa mazoea tu ya mkono, nilichana ile nakala ya pili nikaitia katika mfuko wa barua wa Ijumaa, pamoja na fomu ya mtu aliyechomwa na rangi ya moto. Tarishi akaondoka nao. Nilikuwa nakula muhogo wangu mchana nilipokumbuka nimetuma nini. Muhogo nikauacha mezani.

Nilikwenda Nakasero nusu natembea nusu nakimbia. Karani wa huko, mwenzangu kabisa kwa sura na kwa tabia, alinisikiliza kisha akasema, "Imeshapigwa muhuri. Kitu cha muhuri hakirudi." Nilimbembeleza. Akanionyesha muhuri. Mimi ningesema vivyo hivyo.

Lazima mjue jinsi tulivyoishi ili mwelewe hofu hiyo. Watu walitiwa katika buti za magari kwa maneno madogo kuliko hayo, mchana, mbele ya watu, na aliyeuliza wamepelekwa wapi alifuatishwa. Amri zilikuja redioni na nyingine zikazivunja zile za jana. Hukujua nani ana nguvu leo. Nami nilikuwa nimeiandikia serikali, kwa kaboni, kwamba mwanajeshi wake ni mashine isiyo na kinga. Mke wangu nilimwambia nina homa. Homa yenyewe haikuwa ya uongo.

Mkaguzi alikuja baada ya siku tisa. Alikuwa mtu mrefu mwenye asili ya Toro, mwenye suti ya kahawia na sauti ndogo. Alisimama kaunta, akaitoa ile nakala katika mkoba, akaiweka mbele yangu na kuuliza kama wakaguzi walivyouliza enzi za Pinto, "Karani, naomba kuiona mashine."

Nilimtazama usoni nione kama anatania. Hakuwa anatania, wala hakuwa hatanii. Uso wake ulikuwa kama ukuta uliopakwa chokaa. Nikampeleka ofisini kwa Afande, nikasema, "Mkaguzi wa serikali, Afande," nikabaki mlangoni.

Mkaguzi alitoa utepe wa kupimia. Akapima upana wa chumba. Akapima kutoka kitini hadi mlangoni. Akaligusa lile komeo, akalifunga, akalifungua, akaandika. Afande alikuwa amekaa wima kama anapigwa picha. Tangu apewe kiwanda hakuna ofisa yeyote wa serikali aliyewahi kumtembelea, na nadhani alifurahi.

"Nini hii yote?" aliuliza mwishowe.

"Ukaguzi wa kawaida, Afande. Chumba hiki kina hatari."

"Hatari ya nini?"

"Ya mtu kuingia peke yake, komeo likafungwa. Likitokea jambo, nani atakuwa shahidi?"

Wakubwa wa siku zile walikuwa hawatuogopi sisi, waliogopana wenyewe. "Kweli," alisema Afande. "Mutu anaweza kuja na bastola."

"Anaweza kuja na chochote, Afande," alisema Mkaguzi, akaendelea kuandika.

Amri aliyoiacha ilikuwa na muhuri. Komeo liondolewe. Ubao wa juu wa mlango utolewe, kiwekwe kioo. Kazi ya taipu ifanyike nje, katika ofisi ya wote. Na mlangoni kibandikwe kile kibao cha bati tulichokuwa nacho kwenye chumba cha tangi la asidi: HATARI, USIINGIE PEKE YAKO. Afande alikipenda kibao hicho. Alisimamia kupigiliwa kwake yeye mwenyewe.

Nilimsindikiza Mkaguzi hadi langoni. Nilitaka kumuuliza, bwana, umeelewa ulichokisoma, au umepima tu kwa sababu fomu ilisema pima? Sikuthubutu. Yeye aliuliza jambo moja tu. "Mkono wa yule dada umepona?" Nikasema unaendelea vizuri. Akapanda baiskeli. Sikumwona tena, na swali langu ninalo hadi leo.

Nalule alirudi kazini akakuta taipureta yake imehamishwa nje, karibu na dirisha. Barua ndefu zilikwisha. Wasichana waliingia kwa Afande wawili wawili, wakatoka wawili wawili, na ukumbi wote wa mashine uliwaona kupitia kioo. Laiti hadithi ingeishia hapo ningekuwa shujaa wenu leo.

Kiwandani hakuna siri. Mtu mmoja, simjui, alimnong'oneza Afande kwamba kioo chake kimetoka katika kitabu cha karani. Basi akaniita, "Karani, kuja na hiyo kitabu ya kijani." Nikakibeba. Pale mlangoni nikasimama, kwa kuwa kibao kinasema usiingie peke yako, na mimi ni mtu wa kufuata vibao. Nalule aliinuka mezani kwake. Akachukua daftari lake na penseli, akaja akasimama kando yangu. Tukaingia wawili.

Kitabu kilikuwa kwa Kiingereza, na Afande Kiingereza hakukijua sana. Ndiyo maana mimi nilikuwa na cheo. "Soma," alisema. "Kwa Swahili. Nasema nani aliumiza huyu mama?"

Niliona cheo chake pale kwa mwandiko wangu mzuri. Nikasoma, "Mashine iliyosababisha ajali: mlango. Mlango ulimbana mkono, Afande."

Afande akamgeukia Nalule. "Wewe, kweli?"

Nilimwomba kimoyomoyo akubali. Nilikuwa nimetupatia njia sote wawili, kwa nini asiifuate? Alikuwa na watoto, na kaka yake alishatoweka mwaka ule. Neno moja tu, mlango, na tunatoka salama.

"Si kweri, Afande," alisema. "Si mulango. Ni wewe."

Sauti yake haikupanda. Afande alinigeukia mimi polepole, na hapo nikajua kwamba alikuwa anajua tangu mwanzo, na kwamba hakutaka kujua kilichoandikwa. Alitaka kujua mimi ni mtu wa nani.

"Karani. Kitabu nasema nini?"

"Mlango, Afande."

Mara ya pili ilikuwa rahisi kuliko ya kwanza, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Akanisukumia kalamu yake. "Kata hiyo mustari. Andika mlango." Nikakata. Nikaandika. Nalule alikuwa amesimama karibu nami kiasi cha kuusikia wino. Nje, nyuma ya kioo, wanawake wa kung'arisha sahani walikuwa wameacha kazi na kusimama wakitutazama, labda kumi, labda zaidi. Afande akawaona. Kisha akatupungia mkono tutoke, kama anafukuza nzi.

Hakumfukuza kazi. Hakumpeleka mahali. Sijui kwa nini. Nimejiuliza mara nyingi ni nini kilichomwokoa. Huenda ni uongo wangu, kwa sababu ulimpa Afande mahali pa kuweka aibu yake. Huenda ni ukweli wake, kwa sababu ulisemwa mbele ya kioo na watu wakaona midomo. Huenda siku hiyo Afande alikuwa na wasiwasi mwingine mkubwa zaidi. Candiru anasema uongo haukumwokoa mtu. Mimi nasema yeye hakuwepo. Halafu nikiwa peke yangu nasema huenda ana haki.

Ninachokijua ni kwamba tangu siku ile Nalule hakuniambia tena neno lisilo la kazi. "Jalada hili hapa." "Barua ile imekwisha." Alinisalimia asubuhi kama desturi, akaniuliza nimeamkaje, nikajibu, basi. Wanawake wa kung'arisha walimpisha njia akipita, mimi hawakunipisha. Iliendelea hivyo miaka, meza yake na yangu zikiwa hatua sita tu.

Serikali ile ilipoanguka, Afande alitoroka na gari la kiwanda, na waporaji walikuja wakabeba sahani, mabati, viti, hata vitasa. Kitabu cha ajali hakuna aliyekitaka. Tulirudi wachache kuona kama bado tuna kazi. Hapakuwa na meneja, hapakuwa na mshahara, mlango wenye kioo ulikuwa umeng'olewa na bawaba zake. Nilikuwa nafagia vioo pale kaunta Nalule alipokuja na kalamu yake mwenyewe.

"Kalani, lete kitabu."

Nikakileta. Alifungua ukurasa bila kutafuta. Akaweka kidole pale nilipokata na kuandika mlango. "Ukikosea kitabuni, mnafanya nini ninyi makalani?"

"Unakata kwa msitari mmoja, neno la kwanza lisomeke. Unaandika lililo sahihi juu yake. Unasaini, aliyekosea ndiye anayesaini."

"Fanya."

Nikaukata mlango. Nikaandika Meneja kwa mara ya pili, nikatia sahihi. Nilitaka kumwomba radhi na nikaanza, "Nyabo, siku ile mimi..." Lakini alikuwa ameshuka na kidole chake hadi chini ya ukurasa, kwenye safu ya mwisho, iliyouliza hatua gani zilichukuliwa baada ya ajali. Tulikuwa hatujaijaza.

"Andika," alisema. "Kalani alisema ni mulango. Mala mbili."

Nilimtazama. Hakuwa na hasira, au kama alikuwa nayo ilikuwa imezeeka. Alisubiri tu, kama alivyosubiri siku ile nilipokuwa naandika majina ya wale wasichana watatu. Nikaandika alivyosema, nikaandika mara mbili kwa herufi na kwa tarakimu. Alisoma yote kwa makini, akanirudishia kitabu.

"Tarehe hujaweka," alisema.

Nikaweka tarehe.